Vidokezo vya "autumn" vya mbwa na paka, sisi wa Uganda vinatuhusu kweli?

mama_wa_kyanja

Habari za mvua wapendwa. Mi niko Kyanja hapa Kampala, nina mbwa wawili, mmoja wa kienyeji mkubwa tu, mwingine katoto ka jemani shepadi ka miezi minne hivi, halafu kuna paka wa kike ambaye ndiye mwenye nyumba, sisi wengine tumepanga. Sasa tangu mwezi wa tisa uingie kila nikishika simu naletewa makala za wazungu za kutunza wanyama wa nyumbani wakati wa autumn, yale majira yao kabla ya baridi, mara mvalishe sweta, mara mwongezee chakula baridi inakuja, mara asilale karibu na hita, mara majani yaliyoanguka yana hatari hii na ile. Wifi yangu aliye Marekani naye kanitumia sweta ya mbwa kabisa, nyekundu, ina mifuko. Mifuko ya nini jamani, mbwa anabeba simu?

Huku hakuna jani linaloanguka, huku ni matope. Mbwa mkubwa ananuka unyevu, anakuna masikio usiku kucha mpaka sisi tunaamka, kupe hawaishi ingawa anaogeshwa, na kijana anayenisaidia nyumbani anasema kwao Kiruhura dawa ni moja tu, ile ya kuogeshea ng'ombe, unapiga na bomba mambo yanaisha. Katoto nako kamegoma kulala kwenye kibanda kwa sababu maji yanaingia. Chakula ni posho (ugali) na mukene (dagaa), nanunua ule unga wa mbwa wa bei nafuu kwa gunia.

Naombeni mnisaidie, katika hayo mambo ya autumn lipi nichukue lipi niache? Na hii ya dawa ya ng'ombe ni kweli? Na nsenene (senene) zikianza kuanguka paka anakula mpaka anatapika, nimwache tu?

duka_mifugo_mukono

Dada mwambie kijana aweke bomba chini kwanza.

Mi nauza dawa za mifugo na kila msimu wa mvua lazima mtu aje na mbwa anatetemeka mate yanamwagika kwa sababu ya hiyo hiyo. Dawa ya ng'ombe si moja, ziko aina aina, kuna za amitrazi, kuna za sipamethrini na deltamethrini, kuna zilizochanganywa na oganofosfati, na kipimo kilichoandikwa pale kwenye chupa ni cha ng'ombe, hakuna aliyekiandika akimfikiria mbwa. Sasa kwa paka ndo usithubutu hata tone. Ini la paka haliwezi kuvunja hizo sipamethrini na ndugu zake vile la mbwa linavyoweza, na si lazima umpake yeye, inatosha alale ubavuni mwa mbwa ambaye dawa haijamkauka, au amlambe. Na paka wa aina yako nawajua, anachagua penye joto.

Halafu kupe wenyewe. Kupe wa mbwa, yule wa kahawia, hakai kwa mbwa muda wote. Anakunywa damu anashiba, anashuka, anapanda ukutani, anajificha kwenye nyufa, nyuma ya mbao, chini ya mabati, na jike mmoja akishashiba anataga mayai kwa maelfu. Ndiyo maana unaogesha mbwa wikiendi na kabla wiki haijaisha wamerudi, hao hawajatoka kwa jirani, wametoka ukutani kwako. Toa matambara yote ya kibandani uchome, ziba nyufa kwa simenti, uliza dawa ya kupiga kibanda chenyewe, na mbwa wasirudi mpaka pakauke kabisa. Kwa mbwa mwenyewe siku hizi kuna vidonge vya kutafuna, vingine vinafanya kazi mwezi mmoja vingine kama miezi mitatu, bei inauma sikatai, ila vinaenda kwa uzito kwa hiyo mpime kwanza, na kwa katoto uliza umri unaoruhusiwa, usikate kidonge cha mkubwa ukagawa.

Wa kutoa kwa mkono, shika kwa kibano karibu na ngozi kabisa uvute taratibu bila kuzungusha. Usimchome kwa kiberiti, usimmwagie mafuta ya taa. Chungulia katikati ya vidole, ndani ya sikio, kwapani, chini ya ukanda wa shingo, huko ndiko wanakojificha. Na ukiona homa, fizi zimepauka au pua inatoka damu, usije dukani kwangu, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo. Kupe hawa wanaleta erlikia na babesia, magonjwa ya damu, na yote mawili yanaua.

nalongo_wa_waltham

Mi niko huko kwenye autumn yenyewe, Waltham, Massachusetts, Waganda tumejaa huku. Wifi yako usimcheke sana dada, huku ikifika Novemba usiku unashuka chini ya sifuri na mbwa mdogo wa manyoya mafupi anatetemeka kweli. Mifuko lakini hata mi sijaielewa.

Nikueleze kwa nini wanaandika vile wanavyoandika. Autumn ya huku inaanza tarehe 22 au 23 Septemba. Watu wanadhani kupe ni wa kiangazi, kumbe kupe wa paa wa upande huu, yule wa ugonjwa wa Lyme, wakubwa wake wanatoka sana Oktoba na Novemba na wanakaa humo humo kwenye majani yaliyorundikana, ndiyo maana makala zote zinaogopesha watu na majani. Halafu watu wanatayarisha magari kwa baridi, wanabadilisha kulanti ya rejeta, na ile ya ethilini glikoli ina utamu, mnyama analamba kidogo tu pale chini figo zinakufa. Tarehe 31 Oktoba ni Halloween, nyumba imejaa chokoleti na chokoleti ni sumu kwa mbwa. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudishwa nyuma, saa kumi na moja jioni tayari giza, unamtembeza mbwa gizani barabarani. Hayo yana sababu zake huku, kwako Kyanja jua linazama saa ile ile mwaka mzima, achana nayo.

Ila moja ulichukue kama lilivyo, la panya. Huku baridi ikianza panya wanahamia ndani ya nyumba na watu wanaweka sumu. Huko kwetu mvua ikijaza mashimo yao wanafanya vile vile. Na sumu ya huko ndo mbaya zaidi, yule jamaa anayepita mtaani na kipaza sauti, dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, anakupa vipakiti vidogo havina jina wala maelezo. Paka akila panya aliyekula hiyo, au mbwa akila yenyewe kwa sababu umeichanganya na mukene, daktari atakuuliza ni sumu gani na wewe huna cha kumwonyesha. Kuna sumu zinazozuia damu kuganda, mnyama anaonekana mzima siku kadhaa ndo anaanza kuvuja damu, hiyo ikiwahiwa kuna vitamini K1. Nyingine zinashika mishipa ya fahamu palepale, matibabu ni tofauti kabisa. Kama lazima uweke, nunua yenye maandishi na utunze pakiti. Mi ningeweka mtego tu, na huyo paka afanye kazi yake.

mzee_mahindi_masindi

Mama, wote wamesema vizuri lakini mi nimeshtuka pale uliposema unga wa mbwa wa bei nafuu kwa gunia. Hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya kupe na kabla ya sweta.

Nimefanya biashara ya mahindi Masindi miaka mingi, ngoja nikwambie ule unga unatoka wapi. Mahindi ya msimu wa kwanza yanavunwa kuanzia Juni mpaka Agosti, mkulima anayaanika chini kwenye udongo, mvua inanyesha anayakusanya mbio mbio, kesho anaanika tena, halafu mnunuzi anakuja na haraka zake yanafungwa bado yana maji. Yakikaa ghalani mpaka Oktoba, Novemba, mvua juu ya mvua, yanapata joto katikati ya gunia na kuvu inaota. Wa kiwanda akipokea anachambua. Mazuri yanakobolewa yanakuwa posho namba moja ya shule na hoteli. Yale yaliyobadilika rangi, yaliyooza, yaliyotobolewa na wadudu, unafikiri yanatupwa? Yanasagwa pamoja na pumba, yanaitwa chakula cha mifugo, na hilo ndilo gunia lako. Si wote wanafanya hivyo, lakini wapo wengi na wewe kwa macho huwezi kuwatofautisha.

Ile kuvu inatoa sumu inaitwa aflatoksini, wengine wanasema sumukuvu. Hata mahindi yakiwa safi, sumu ikiwepo inakaa zaidi kwenye ganda na kiini, yaani kwenye pumba, kwa hiyo ukila namba moja wewe unapona kidogo, mbwa ndo anapewa zigo lote. Na kupika haisaidii, hata uchemshe posho kutwa nzima sumu ile moto wa jikoni hauiwezi. Hii si hadithi ya kutisha watu, Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu na ya Tanzania kwa ajili ya hii hii aflatoksini, malori yakakwama mpakani, baada ya siku chache wakafungua kwa masharti. Kama mahindi ya kuliwa na watu yalifika huko, piga hesabu ya yale yaliyokataliwa.

Mbwa ini lake ni dhaifu sana kwa sumu hii. Dalili zake watu wanazikosea, anaanza kukataa chakula, anachoka, anatapika, mwenye mbwa anasema ni minyoo. Baadaye mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, macho na fizi vinakuwa vya njano, choo kinatoka cheusi chenye damu. Akifika hapo wengi hawarudi. Tena si lazima iwe nyingi mara moja, kidogo kidogo kila siku inamla ini polepole.

Fanya hivi. Nunua mahindi ya punje mwenyewe, chambua kwa mkono kila punje yenye ukungu wa kijani au iliyosinyaa, peleka mashineni wakakoboe wasage kidogo kidogo ya wiki mbili hivi, usirundike. Kabla hujanunua pima ukavu, chukua chupa kavu yenye kifuniko, weka mahindi na chumvi kavu kijiko kimoja, tikisa dakika kadhaa halafu iache itulie. Chumvi ikishikamana na kuta za chupa mahindi yana maji, mwachie muuzaji wake. Ikianguka chini yote yako sawa. Gunia liwekwe juu ya mbao lisiguse sakafu wala ukuta, simenti wakati wa mvua inatoa jasho. Mukene nayo msimu huu haikauki vizuri ufukweni, ikinuka vibaya iache, na ioshe, ina mchanga mwingi.

Na paka asilishwe posho kama mbwa. Paka ni mla nyama, akikosa samaki au nyama ya kutosha macho yanapofuka na moyo unachoka. Mpe mukene, mpe maini kidogo, posho iwe ya kushikilia mchuzi tu.

boda_ntinda

mzee umenifanya niende kuangalia gunia la mama mkwe saa hizi 😂

Kwa nsenene, paka anakula hajatoa mabawa wala miguu, ile miguu ina miiba ndo inamkwaruza anatapika, mbichi mbili tatu hakuna neno hata kumbikumbi mbwa wangu anakula mvua ikiacha. Usimpe zile mlizokaanga na vitunguu. Vitunguu ni sumu kwa paka na mbwa, vinaharibu damu.

mwaka_wa_mwisho_vet

Nasoma udaktari wa mifugo Makerere, nimalizie penye mapengo.

Masikio: kukuna usiku kucha na harufu, mara nyingi ni hamira, yaani fangasi ya unyevu, au utitiri wa masikio, na haviwezi kujulikana kwa kutazama tu, lazima achukuliwe uchafu kidogo uwekwe chini ya hadubini. Usimimine spiriti, usimimine mafuta ya kupikia, usiingize vijiti vya pamba. Kausha sehemu ya nje kwa kitambaa kila akinyeshewa. Kliniki ya wanyama wadogo ipo hapa chuoni, si lazima uende kwa wale wanaoita bei ya Kololo, mtaa wa matajiri.

Katoto: miezi minne ndo umri ambao pavo, ule ugonjwa wa kuhara damu, inaupenda. Chanjo huanza wiki ya sita mpaka ya nane, inarudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afike wiki 16, na watu wengi wanachoma moja wanasema amechanjwa. Angalia kadi yake. Kirusi cha pavo kinakaa kwenye udongo miezi na miezi, kinakuja hata na viatu vyako, sabuni ya kawaida haikiui, tumia jiki ukisafisha sakafu. Uliza pia chanjo ya leptospira, maana inatoka kwenye mkojo wa panya ulioingia kwenye madimbwi, mbwa anakunywa hapo, na hata binadamu anaipata kwa kukanyaga maji hayo akiwa na kidonda. Maji ya kunywa yawe ndani ya bakuli safi kila siku, hata kama nje kumejaa maji.

Kichaa cha mbwa ni kwa wote watatu, paka pia. Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya kichaa cha mbwa na karibu na hapo wilaya nyingi huchanja bure, muulize mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji chako. Mtu akiumwa na mbwa asiyejulikana oshea kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 ndo uende hospitali, usiende kwanza kupaka mitishamba. Na tafadhali: hakuna Panadol kwa paka, hata nusu, inamuua.

binti_wa_toro

Hamjagusa siafu!! Huku Fort Portal mvua zikikolea siafu wanahama, wanapita usiku kwa mstari mpana na chochote kilichofungwa wanakimaliza. Mbwa aliye huru atakimbia, tatizo ni mbwa wa mnyororo, vitoto ambavyo havijafungua macho, na sungura kwenye vibanda. Usifunge mbwa usiku msimu huu. Vibanda vya sungura miguu yake isimame ndani ya makopo yenye oili chafu ya gari, na wakishaingia uani mwaga majivu mengi mbele yao, watageuza njia.

Kibanda sasa. Kiinue juu ya mawe au paleti, mabati yawe na mteremko kwenda nyuma, mlango usitazame upande mvua inakotokea, weka na kizingiti kidogo. Ndani usiweke blanketi, likilowa halikauki, weka majani makavu au magunia mawili ya kubadilishana, moja likianikwa jingine linatumika. Nasema hivi kwa sababu ya nzi wa maembe. Anataga kwenye udongo wenye unyevu na mkojo au nguo mbichi, kale kabuu kanaingia kwenye ngozi ya tumbo la mbwa, unaona jipu lina tundu katikati na ndani kuna kitu kinapumua. Usikamue kikavu, paka vaselini nene kwenye tundu kakose hewa, kakichomoza nje ndo unakaminya kutoka chini taratibu. Vikiwa vingi kwa katoto peleka kwa daktari, vinakuwa vidonda. Na ndiyo hao hao wanaotufanya tupige pasi hata soksi.

Radi pia. Mnyororo umefungwa kwenye mwembe radi ikipiga usishangae. Waingie ndani tu mvua ikianza kunguruma, hata stoo.

mama_wa_kyanja

Banange asanteni sana, bomba limefungiwa stoo na kijana amenuna. Mzee wa Masindi, shikamoo. Nimefungua gunia nikaingiza mkono mpaka katikati, kuna mabonge na kuna joto, harufu ni ya chumba kilichofungwa muda mrefu. Muuzaji nimempigia anasema niuanike juani siku moja utakuwa poa, au niwape kuku. Limebaki zaidi ya nusu. Nifanyeje?

mzee_mahindi_masindi

Marahaba mama. Jua linakausha unga, halitoi sumu. Ukiuanika utapata sumu kavu. Kuku usiwape, nao inawaua taratibu, wanapunguza mayai, nyingine inaingia kwenye hayo mayai unayokula wewe, na bata ndo kabisa hawaiwezi. Nguruwe wa jirani pia hapana.

Mrudishie muuzaji gunia mbele ya watu, akikataa chimba shimo mbali na kisima, mwaga, fukia, na jifunge kitambaa puani usivute lile vumbi. Gunia lenyewe usilitumie kwa unga mwingine wala kumtandikia mbwa, lichome. Halafu mwangalie yule mkubwa macho na fizi kesho asubuhi penye mwanga wa jua, na ukienda kwa ajili ya masikio mwambie daktari alikuwa anakula unga huu, wampime na ini. Yule mdogo mpeleke siku hiyo hiyo.